Mke Aliyetiwa Nanga

Katika Kiebrania mke ambaye mumewe ametoweka, asijulikane kuwa yu hai au amekufa, huitwa aguna, na jina hili hunasibishwa na neno ogen, yaani nanga. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufasiriwa zaidi: chombo kilichotia nanga hakikuzama wala hakisafiri, na pepo njema zikivuma, kwake zavuma bure. Ndiyo hali ya mwanamke huyo, ambaye si mjane akakaa eda na kuolewa, wala si mke mwenye mume, kwa kuwa talaka katika sheria ya Musa hutoka mkononi mwa mwanamume, na mkono wenyewe haupo.

Vita huzidisha kadhia hizi kuliko jambo jingine lolote, na wazee wa Kiyahudi wa Mishna, ambao sheria zao zilikusanywa yapata mwaka 200 baada ya kuzaliwa Nabii Isa, walilitambua hilo. Mke akisafiri na mumewe ng'ambo, wakawa wanapatana na dunia ikawa na amani, kisha akarejea peke yake akasema mume amefariki, husadikiwa. Lakini ikiwa dunia ina vita hasadikiwi, japo walipendana. Si kwamba wamemtuhumu uongo. Walichelea kwamba, akiisha kuona waume wa wenziwe wameanguka, moyo utamwambia wa kwake naye hakusalimika, na dhana hiyo ikifika ulimini igeuke ushahidi. Hata bahari waliitilia shaka: aliyezama katika maji yasiyoonekana kingo zake hahukumiwi kufa, maana huenda mawimbi yamemtoa pwani nyingine. Talmudi, ambayo ni ufafanuzi wa Mishna hiyo, husimulia kwamba Rabban Gamliel, mmoja wa wazee hao, aliona jahazi likivunjika, akamsikitikia mwanachuoni Akiva aliyekuwamo. Aliposhuka bandarini, Akiva huyo huyo akamjia, akaketi mbele yake wakajadiliana mambo ya sheria. Alikuwa ameshika ubao, na kila wimbi lililomjia aliliinamishia kichwa.

Walakini wazee hao hao, ambao katika kesi ya mali hutaka mashahidi wawili, hapa waliridhika na shahidi mmoja, awe mwanamke, awe mtumwa, hata awe anasimulia aliyoyasikia kwa mwingine. Walisema mwanamke mwenyewe atachunguza kabla hajaolewa, kwa sababu mume wa kwanza akitokea, itambidi aachane na wote wawili, na watoto wa ndoa ya pili watakuwa na dosari ya nasaba. Huruma hiyo ina makali yake: mlango umefunguliwa, lakini hatari ya kuupita amebebeshwa mwanamke peke yake.

Nasi tusijione bora. Seyyidna Umar aliamuru mke wa mtu aliyepotea angoje miaka 4, kisha akae eda ya mfiwa, na Imam Malik akaifuata hukumu hiyo. Ama Imam Shafii, ambaye wengi wetu huku pwani ni wafuasi wake, katika kauli yake ya baadaye alimtaka mke angoje mpaka ipatikane yakini. Swali ni lile lile kwao na kwetu: shaka iliyoletwa na vita, ni nani aibebe?

Jawabu ninalolipenda mimi limo katika Talmudi, inaposema kwamba kila aliyetoka kupigana katika vita vya nyumba ya Daudi alimwandikia mkewe hati ya talaka. Wafasiri wamehitilafiana kama talaka ile ilikuwa ya sharti au ilikatwa moja kwa moja kwa siri, lakini kwa namna yoyote ile, mzigo wa shaka uliinuliwa na mwanamume mwenyewe angali hai, usiku wa kuamkia safari, na sidhani kama kuna barua nzito kuliko hiyo.

Wayahudi wa Ulaya waliouawa baina ya 1939 na 1945 hawakupewa usiku huo. Vita vilipokwisha, marabi walikaa baraza katika kambi ya wakimbizi ya Bergen-Belsen, wakiwa wafiwa wao wenyewe, kuwasikiliza wanawake wasio na kaburi la kuonyesha. Je, aliyeonekana Auschwitz akipelekwa upande wa kushoto, upande wa wanaokwenda kuuawa, amekufa kisheria? Iliwalazimu kukusanya maneno ya walionusurika, huyu alimwona fulani wapi, yule alimsikia lini, na kazi hiyo naihesabu kuwa msaada usiopungua mkate na blanketi. Mume aliyepotelewa na mke alikuwa na njia nyingine: mwiko wa kuoa mke wa pili, unaonasibishwa na Rabi Gershom wa karne ya 11 kwa Wayahudi wa Ulaya, huweza kuondolewa kwa idhini ya marabi 100. Mia ni wengi, lakini hupatikana; maiti iliyokuwa majivu haipatikani.

Mwezi wa Januari 1968 nyambizi ya Israeli iitwayo Dakar, iliyokuwa ikitoka Uingereza, ilipotea katika bahari ya Mediterania na watu 69. Rabi Shlomo Goren, mkuu wa dini katika jeshi la nchi hiyo, hakungoja bahari iseme. Alitoa fatwa kwamba wake za mabaharia hao wameruhusiwa kuolewa. Mabaki ya nyambizi hiyo yalionekana Mei 1999, baina ya Krete na Kupro, kwenye kina cha mita 3,000 hivi.