Mlango Ukiwa Wazi, Je, Kila Mtu Apige?

Wako watu wasemao kwamba mkutano ukiwa wa wote, basi kila mtu yu huru kufanya apendavyo. Je, ni kweli? Na tulipime neno hili kwa mfano wa muziki.

Katika nchi ya Ireland iko desturi ya wapigaji kukutana jioni, mara nyingi katika baa, wakakaa duara na kupiga tuni za kale. Hakuna karatasi za nota wala tiketi. Mtu yeyote mwenye fidla, filimbi au kodiani aweza kuja.

Lakini mlango huo una adabu zake, ingawa hazikubandikwa ukutani. Mgeni husikiliza kwanza, kisha huomba nafasi. Aliyeanzisha tuni ndiye achaguaye mwendo wake, na wenzake humfuata. Asiyeijua huweka chombo chake mapajani, akasikiliza. Mpiga bodhrán, yaani ngoma ya ngozi ya mbuzi ipigwayo kwa kijiti, hutazama kwanza kama yuko mpiga ngoma mwingine. Maana fidla moja ikikosea husitiriwa na wenzake, bali ngoma mbili zisizopatana huwapoteza wote.

Basi, kunyamaza huko si kunyang'anywa uhuru. Anyamazaye ili mwenzake asikike amekwisha kuchangia muziki.

Hata hivyo, tusiwatwike wageni mzigo wote. Wenyeji nao wana deni. Wakipiga tu tuni za kasi wazijuazo wao, wakamwacha mwanafunzi kimya usiku kucha, wamefunga mlango bila kugusa komeo. Huenda mwanafunzi huyo asirudi tena. Na kwa kuwa tuni hizi watu huzipokea zaidi kwa sikio, wazee wakiondoka bila warithi, nazo zitaondoka. Kwa hiyo ni adabu vilevile kumwambia, "Haya, anzisha wewe ile uijuayo," kisha wote wakamfuata, hata mwendo wake ukiwa wa pole.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mgeni ajiulize: Je, kuja kwangu kumewafaa wenyeji? Na mwenyeji ajiulize: Je, nimempa mgeni nafasi ya kunifaa? Ndugu wasomaji, maswali hayo mawili yatufaa sisi pia, katika kwaya zetu na katika kila kikao tuliposema, "Karibuni wote."