Subira ya Mwenye Kidonda

Je, ni haki kumwambia mgonjwa asubiri dawa ithibitishwe, hali mguu wake unaoza? Wanachuo wangu walipenda kubishana juu ya swali hili, na wengi walijibu upesi kwamba asubiri. Walikuwa na afya njema. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Siku hizi swali hilo limepata mfano mpya. Wataalamu wanachunguza kipande kidogo cha protini, yaani peptidi, kiitwacho KPV. Ni asidi amino tatu tu, laisini, prolini na valini, nazo ni mkia wa homoni yenye asidi amino 13 ambayo mwili wenyewe huitengeneza. Inaonekana hutuliza uvimbe, wekundu na joto linalokuja mwili unapoumia. Mwaka 2008 watafiti walieleza kwamba panya wenye uvimbe wa utumbo mpana, waliowekewa KPV katika maji ya kunywa, walipata nafuu. Kwa ngozi na vidonda yapo pia matumaini, lakini mengi yametoka maabara na kwa wanyama. Hata hivyo inauzwa tayari mitandaoni, kwa dola, na kichupa kimeandikwa kuwa ni kwa utafiti tu, utadhani mnunuzi ana maabara uani kwake.

Sisi tusiwacheke wanunuzi hao. Mwaka 2011 magari ya mikoa mingi yalipanga foleni ya kilomita nyingi kwenda Samunge, Loliondo, watu wakanywe kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Wapo waliofia foleni, na wapo walioacha dawa zao za UKIMWI. Walikuwamo wasomi na viongozi. Ujinga hautoshi kueleza jambo lile. Watu walikuwa wamechoka kuugua.

Basi mgonjwa ana haki ya kujaribu? Naona anayo, kwa kuwa mwili ni wake, lakini kwanza aambiwe ukweli kwa lugha anayoielewa, iwe Kiswahili au Kisukuma. Hapo ndipo muuzaji anapodhulumu. Dawa yenye matumaini si dawa inayoponya, kama vile mtoto aliyefaulu jaribio la darasani hajafaulu bado mtihani wa taifa. Tena uvimbe wenyewe si adui mtupu. Ni dalili kwamba walinzi wa mwili wamefika penye jeraha. Ukiwatuliza wakati vijidudu bado wamo, huenda ukaacha moto chini ya majivu.

Ila anayemwambia mwenzake asubiri ana deni. Mkulima wa pamba mwenye kisukari, au mchimbaji mdogo aliyepondwa na jiwe kule Geita, atasubiri na nini mkononi? Apimwe sukari, kidonda kisafishwe, kifungwe kwa kitambaa safi, na mguu wenyewe usikanyagiwe. Hayo yamejulikana siku nyingi na hayahitaji dola. Jirani yangu mmoja hapa Kishapu alisafishiwa kidonda siku baada ya siku kwa miezi minne, mwanawe akimpeleka zahanati kwa baiskeli. Kilifunga. Bandeji, lakini, walikuwa wakinunua wenyewe duka la dawa, na wiki zisizo na fedha mama mwenye nyumba alichemsha zile za zamani akazianika juani.