Kalamu Iweke Chini Kwanza

Mwanangu, vuta kiti ukae. Chai ni ya moto, nawe una tabia ya kuinywa umesimama, kama mtu anayechungulia daladala. Najua simu inaita. Najua wakala anataka jibu kabla ya Ijumaa. Ijumaa itafika hata tusipoikimbiza. Leo nataka tuzungumze habari ya jezi.

Pengine umezaliwa Leicester, pengine Rotterdam. Mama wa Tanga, baba wa huko, au kinyume chake. Nyumbani mnakula wali wa nazi, shuleni unaongea lugha ambayo bibi yako haielewi. Miguu yako imekuwa mizuri mapema, na sasa nchi mbili zinakuita mtoto wao. Kila mtu ana neno la kukuambia. Na mimi ninalo, ila kwanza nikusimulie kosa langu, ujue ni nani anayesema nawe.

Nilicheza namba mbili, hapa Tanga. Nilipokuwa na miaka 19, watu wa timu moja walikuja nyumbani baada ya Magharibi. Walikaa barazani na marehemu baba, wakanywa kahawa, wakatoa bahasha. Nikasaini fomu. Siku tatu baadaye wakaja wa timu nyingine. Hawa hawakuja nyumbani. Walinikuta uwanjani peke yangu, navua viatu. Bahasha yao ilikuwa nene zaidi. Meza haikuwepo, basi mmoja wao akainama, akanipa mgongo wake niandikie. Shati lake lilikuwa limelowa jasho, na kalamu ikawa inaitoboa karatasi kila nikikaza mkono. Nikasaini tena. Sikuona ubaya wowote. Nilijiambia wote wananitaka, basi wote nimewaridhisha.

Nilifungiwa msimu mzima. Fedha ya bahasha ya pili ilidaiwa, nami nilikuwa nimekwisha nunua baiskeli na redio. Mama akauza cherehani yake. Ndiyo aliyokuwa akishonea sare za shule za watoto wa mtaa mzima. Hakunigombeza. Jioni ile alinitengea wali kama kawaida, akakaa pembeni, mikono imetulia mapajani. Sikuwa nimezoea kuiona mikono ya mama haina kazi. Nilipomaliza adhabu na kurudi uwanjani, namba mbili ilikuwa na mwenyewe.

Mtaani walisema mla kwa miwili hana mwisho mwema. Kwangu mimi walisema kweli, tamaa ilinipeleka. Nimewasikia wengine wakikutupia wewe methali hiyo hiyo, na hapo nakataa. Wewe hukunyoosha mikono miwili kwa tamaa. Ulizaliwa katikati ya sinia mbili, na kila upande walikukaribisha kwa jina lako.

Lakini karatasi ni karatasi, mwanangu. Muulize Munir El Haddadi. Kijana wa Hispania, baba yake wa Morocco. Septemba 2014, akiwa na miaka 19, aliingizwa dakika za mwisho Hispania ilipocheza na Macedonia. Hazikufika dakika ishirini. Ila ile ilikuwa mechi ya kufuzu mashindano ya Ulaya, wala si ya kirafiki. Hispania hawakumwita tena timu ya wakubwa. Morocco walipomtaka, sheria ikasema mlango umefungwa. Alikwenda mpaka mahakama ya michezo kabla ya Kombe la Dunia la 2018, akashindwa. FIFA walilegeza kanuni mwaka 2020, naye akaivaa jezi ya Morocco 2021. Hesabu mwenyewe miaka aliyolipa kwa dakika zile.

Siku hizi kanuni ina huruma kidogo. Kama hujazidisha mechi tatu na timu ya wakubwa, za mashindano na za kirafiki kwa pamoja, na ya mwisho ya mashindano uliicheza kabla ya kutimiza miaka 21, na miaka mitatu imepita tangu ya mwisho, unaweza kuomba kuhama. Lakini ukishacheza fainali za Kombe la Dunia au za bara, basi, hapo ndipo kwenu. Na ruhusa ya kuhama ni mara moja. Mechi ya kirafiki peke yake haikufungi. Ndiyo maana kocha mwenye haraka atapenda kukuingiza dakika tano kwenye mechi ya mashindano, hata kama timu inaongoza tatu bila. Akikuita upashe misuli moto, ujue ni mechi gani. Uliza kabla ya kuvua bukta ya mazoezi. Hakuna aibu katika kuuliza. Mimi aibu niliyoipata ni ya kutokuuliza.

Kuna jambo jingine linaloniuma kulisema. Hapa kwetu Tanzania mtu mzima haruhusiwi uraia pacha. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamwachia mtoto pasipoti mbili, lakini akifikisha miaka 18 anatakiwa achague, aukane mmoja. Mwenzako wa Kenya hana mzigo huo tangu Katiba ya 2010. Kwa hiyo mtu akikuambia njoo uchezee Taifa Stars, anakuomba zaidi ya jezi. Anakuomba uiweke mezani pasipoti nyingine, ambayo pengine ndiyo inayokuruhusu kufanya kazi katika ligi unayochezea. Usije ukasaini kwa mapenzi halafu ukagundua klabu yako inakuhesabu mgeni. Mimi naipenda nchi hii, na natamani sheria ingewaonea huruma watoto wetu walio mbali. Lakini matamanio yangu hayatakuombea kibali cha kazi. Kaa na mzazi wako, mtafute mwanasheria wa kweli, asiye na asilimia yake ndani ya mkataba wako.

Sasa nije kwenye kosa la pili. Hili nililifanya uzeeni, na ni baya kuliko la kwanza.

Juni 2018 tulikusanyika kibanda umiza, saa moja jioni, Denmark na Peru. Sisi Denmark ilituhusu nini? Ilituhusu kwa sababu ya yule mrefu wa mbele, Yussuf Poulsen. Baba yake alikuwa Mtanzania, akafariki kwa saratani mtoto akiwa na miaka sita tu. Nilikwenda nikiwa na kinyongo. Nilikaa kwenye benchi nikasema kwa sauti, huyu alikuwa wetu, amepotea. Kipindi cha kwanza akasababisha penalti, Peru wakaipaisha. Kipindi cha pili akakimbia nyuma ya mabeki, akapiga, ikaingia. Moja bila. Kibanda kizima kikasimama. Alipogeuka kushangilia, kijana aliyekaa mbele yangu akasema, mzee, soma mgongoni.

Nikasoma. Halikuandikwa Poulsen, jina la mama yake. Liliandikwa Yurary, la baba.

Nilikaa chini. Tulikuwa tumelala tukidhani mtoto ametusahau, kumbe anatembea na marehemu mgongoni mbele ya dunia nzima. Jezi ilikuwa ya Denmark, na baba yake alikuwamo ndani ya jezi ile. Nilipaswa kujifunza siku ile.

Sikujifunza. Miaka michache baadaye mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu aliyeolewa Ulaya, akaitwa kwenye timu ya vijana ya nchi aliyozaliwa. Alinitumia picha, kavaa suti ya mazoezi, anacheka meno yote nje. Mimi nikamnunulia jezi ya Taifa Stars Kariakoo, nikamtumia kwa mtu aliyekuwa anasafiri. Halafu nikashika simu, nikamrekodia ujumbe wa sauti. Nilimwambia, usipoivaa jezi hiyo usiniite babu.

Alikuwa na miaka 15.

Hakunijibu. Wiki, mwezi, miezi saba. Mama yake alikuwa akipiga, namwuliza kijana yuko wapi, naambiwa yuko mazoezini, amelala, anaoga. Jezi aliikunja akaiweka kwenye droo. Usiku nilikuwa nakumbuka mikono ya mama yangu ilivyotulia mapajani, nikajua nami nimemwuzisha mtu kitu. Mjukuu alikuwa ananipenda bila kufikiri. Nikamgeuzia mapenzi yale yakawa deni, na mwenye deni humkimbia anayemdai.

Kwa hiyo mwanangu, akija mtu mzima kukuambia damu inakudai, hata akiwa mimi, mheshimu, mpe maji, mshukuru. Usimpe saini. Damu haidai. Waangalie ndugu wale, Iñaki na Nico Williams. Baba mmoja, mama mmoja, wazazi waliotoka Ghana wakavuka Sahara kwa miguu ndipo wakapata watoto Hispania. Mkubwa alikwisha cheza mechi moja ya kirafiki na Hispania mwaka 2016. Mwaka 2022 akaichagua Ghana. Mdogo akabaki na Hispania, na miaka miwili baadaye akafunga bao kwenye fainali ya Ulaya. Kombe la Dunia la Qatar walikuwapo wote, kila mmoja na jezi yake. Nani kati yao amemkosea mama? Mimi simwoni.

Kenya nao wana habari yao. Mike Okoth aliichezea Harambee Stars. Mwanawe Divock Origi alizaliwa Ostend, baba akiwa anacheza mpira huko Ubelgiji. Mwaka 2014 kijana ana miaka 19, akaifungia Ubelgiji bao pekee dhidi ya Urusi pale Maracanã. Baba amevaa ya kwao, mtoto amevaa ya alikozaliwa, na nyumba ni moja.

Halafu kuna Saido Berahino, huyu namrudia mara nyingi. Amezaliwa Bujumbura mwaka 1993. Vita vilimwondolea baba. Akafika Uingereza akiwa mtoto wa miaka kumi, akalelewa na mpira wa kule, akapanda timu za vijana moja baada ya nyingine. Novemba 2014 akaitwa kwenye kikosi cha wakubwa cha Uingereza, akakaa benchi, hakuingia. Mwaka 2018 akaamua kuichezea Burundi. Mechi yake ya kwanza ilikuwa dhidi ya Gabon, na akafunga. Mwaka uliofuata Burundi wakaenda Misri, Kombe la Mataifa ya Afrika, mara ya kwanza katika historia yao. Walipoteza mechi zote tatu bila kupata bao hata moja.

Wapo wanaosema alirudi kwa sababu Uingereza hawakumtaka. Maneno hayo siyapendi. Mtu aliyeondoka kwao akikimbia risasi hana haja ya kumweleza yeyote kwa nini amerudi, wala kwa nini amechelewa. Ninachokitazama mimi ni ile Misri. Amefungwa mara tatu, na jezi ni ile ile. Ukitaka kujijua, usijiwazie siku ya bao. Jiwazie umepanda ndege ya usiku kutoka Ulaya, umebadilisha ndege mahali, umefika uwanja una nyasi za tabu, kocha amekuanzisha benchi, mmefungwa moja bila, na Jumatano klabuni kwako kuna mtu amekaa kwenye namba yako. Ni jezi gani ungekwenda kuivaa tena mwezi unaofuata? Jibu hilo wakala hawezi kukupa. Babu pia hawezi.

Wapo waliojibu Tanzania. Adi Yussuf, mzaliwa wa Zanzibar aliyekulia Leicester, alikuwa na Stars kule Misri mwaka huo wa 2019, tuliporudi Kombe la Afrika baada ya miaka 39. Haji Mnoga, kazaliwa Portsmouth, akaja naye. Nikiwaona nafsi yangu inajaa, sitakuficha. Nawe ukija nitakuwa uwanja wa Mkapa mapema, na miguu yangu hii. Usipokuja nitakutazama kibanda umiza.

Mjukuu nilimwomba radhi. Niliirekodi sauti mara nne, nikaifuta mara tatu. Nilimwambia babu alikosea, wewe ni wangu ukivaa chochote. Siku mbili kimya. Kisha likaja swali moja, limeandikwa kwa Kiswahili chake cha kukosea kosea: babu, wewe ulicheza namba ngapi?

Nikamwandikia, mbili.

Akasema, hata mimi.

Sasa hupiga kila Jumapili baada ya mechi yake. Ananieleza winga aliyemsumbua, namweleza tulivyokuwa tunakaba enzi zetu. Anatimiza 18 mwakani. Hajaamua, na mara nyingine swali linanifika kwenye ulimi. Sijamwuliza jezi ile bado iko kwenye droo au wapi. Jumapili hii akipiga sitamwuliza.

Kunywa chai, mwanangu, imeshapoa kiasi. Huyo wa Ijumaa mwambie utampigia.