Kiboko Anapopiga Miayo: Je, Anayetazama Ana Deni?

Katika nchi za pwani watu hupanda boti kwenda kutazama nyangumi na pomboo. Watamu, nchini Kenya, nyangumi wenye nundu hupita kati ya Julai na Septemba. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, wageni huwafuata pomboo tangu asubuhi. Sisi wa Bujumbura hatuna bahari, lakini tuna Ziwa Tanganyika, na humo tuna kiboko, ambaye kwa Kirundi tunamwita imvubu. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba, kati ya wanyama wote walio hai, jamaa wa karibu zaidi wa nyangumi na pomboo ni huyo kiboko. Kwa hiyo swali la watu wa pwani ni letu pia: je, kumtazama mnyama wa porini ni tendo lisilomgharimu mtu yeyote?

Wengi watajibu kwamba macho hayana pazia. Mwindaji huua na mkulima hufukuza, lakini mtazamaji hulipa nauli ya boti, hupiga picha, kisha hurudi nyumbani bila kugusa kitu. Hoja hii ina uzito. Huko Kizimkazi, kabla ya utalii kushika kasi katika miaka ya 1990, pomboo walivuliwa ili nyama yao iwe chambo cha papa. Leo pomboo aliye hai ana faida kubwa kuliko aliyekufa. Macho ya wageni yamemwokoa.

Hata hivyo, naona kwamba kutazama kunazaa madeni mawili.

Deni la kwanza ni kwa mnyama mwenyewe. Watafiti waliowachunguza pomboo wa Kizimkazi waliona kwamba boti zinapowazonga, muda wao wa kupumzika hupungua. Kwetu jambo hili linaonekana karibu na mdomo wa mto Rusizi, katika hifadhi ambayo mwaka 2002 iliingia katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Boti inasogea, kiboko anapanua kinywa, abiria wanashangilia: "Anapiga miayo!" Kumbe mara nyingi hiyo si miayo ya usingizi. Ni onyo. Anasema kwa lugha yake kwamba mmefika kwenye mpaka wake. Abiria wameona meno, lakini hawakuelewa maana yake. Deni hili hulipwa kwa umbali: dereva wa boti akizima tamaa ya kusogea, amelipa.

Deni la pili ni zito zaidi, kwa sababu ni la binadamu kwa binadamu. Kiboko hushinda majini mchana, na usiku hutoka kutafuta majani; anaweza kula kilo 40 hivi kwa usiku mmoja. Basi mchana wake ni wa mtalii, usiku wake ni wa mkulima. Yule anayelala karibu na shamba lake la mpunga au mahindi katika bonde la Rusizi hapigi picha. Na katika miaka ya karibuni, maji ya mto na ya ziwa yalipofurika Gatumba, mpaka kati ya ua wa mtu na makazi ya kiboko ulifutika kabisa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tumwangalie Gustave, mamba maarufu wa Rusizi na Tanganyika. Jina hilo alipewa na Mfaransa Patrice Faye. Jaribio lake la kumnasa kwa tundu kubwa la chuma halikufanikiwa, nalo likawa filamu ya televisheni mwaka 2004. Mwaka 2007 Wamarekani walitoa filamu ya kutisha, Primeval, iliyotokana na habari zake. Inasemekana aliua watu wengi, ingawa idadi yao haijathibitishwa. Jambo linalonisumbua ni hili: mamba ana jina linalojulikana duniani, lakini mvuvi wa ndagala au mama aliyekwenda kuchota maji, akaliwa, hana jina katika masimulizi hayo. Msiba wake umekuwa burudani ya mtu wa mbali.

Mtu atauliza: deni latoka wapi, ikiwa mimi sikukopa? Jibu langu ni kwamba anayefurahia kitu kilichogharamiwa na mwingine amekopa bila kuomba. Kiboko yupo ili nimwone kwa sababu mtu fulani amevumilia kuishi naye. Uvumilivu huo ndio mkopo.

Jirani zetu Watanzania wana maneno mawili ya kufikirisha. Serikali yao humpa aliyeharibiwa mazao na wanyamapori kifuta jasho, na aliyejeruhiwa au kufiwa humpa kifuta machozi. Ni jambo jema, lakini tuyapime maneno yenyewe. Anayefuta machozi anahurumia; anayelipa deni anakiri kwamba mwenzake ana haki. Huruma inaweza kucheleweshwa au kunyimwa, na mwenye kunyimwa hana la kudai. Haki haiko hivyo.

Kwa kumalizia, sisemi tuache kupanda boti. Wahenga walisema "mgeni njoo, mwenyeji apone", nao hawakumfukuza mgeni, walimwekea sharti. Sharti lenyewe ni kwamba sehemu ya nauli ya kumtazama kiboko imfikie yule ambaye kiboko humtembelea usiku, na imfikie kama malipo, si kama sadaka. Mpaka hapo, picha nzuri iliyomo kwenye simu yangu ni ya mkopo.