Vita Viliisha, Miguu Haikupona

Fungua 2 Samweli 4:4. Mefiboshethi alikuwa na miaka mitano habari za vita zilipofika. Yaya akakimbia naye, akamwangusha. Vita vikaisha, Daudi akatawala, lakini ile miguu haikupona.

Kuna ndugu alikuja kwa mkutano wetu hapa Nariokotome akitoka Kakuma. Mkataba wa amani ya Sudan ulitiwa saini tarehe 9 Januari 2005. Yeye alikanyaga bomu la ardhini baada ya hapo, akifuata ng'ombe. Waliolitega walishaenda zao. Akapelekwa Lopiding, kule Lokichoggio, hospitali ya Msalaba Mwekundu iliyotibu majeruhi wa vita hivyo tangu 1987 hadi 2006. Akapewa mguu wa bandia. Lakini mguu huo huchakaa kama kiatu, na wake umepasuka zamani.

Na mimi mchungaji nilimwambia nini? Tupa magongo kwa imani! Akatupa. Akaanguka mbele ya watu wote. Wapendwa, siku hiyo yaya nilikuwa mimi.

Soma sura ya 9. Daudi hakumwamuru atembee. Alimkalisha mezani, kila siku, akiwa bado kiwete.

Nimemwomba msamaha. Jumapili tunachanga nauli na pesa ya mguu mpya. Kiti cha mbele, karibu na mlango, ni chake.