Karatasi za Madeni: Zihifadhiwe au Zichomwe?

Tumeulizwa na ndugu yetu mwenye duka Lopur, upande wa Kakuma katika nchi ya Turkana, suali ambalo twaona lawahusu pia watu wa miji ya pwani. Nyumbani kwake kumejaa madaftari ya madeni, stakabadhi na karatasi za benki za miaka mingi. Auliza: je, yajuzu kuzichoma? Na afanyeje, ikiwa wazee wamemkataza kwa kuwa kila daftari limeanzwa kwa Bismillahi?

Jawabu letu ni kwamba hukumu haitazami karatasi; hutazama haki iliyomo ndani yake. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, yaamrisha deni liandikwe. Basi maandishi ni shahidi, na shahidi hauawi kabla ya kesi kwisha. Maadamu kuna anayedai na anayedaiwa, karatasi ile si ya aliyeiweka peke yake. Ina sehemu ya mwenziwe. Mwenye kuichoma ili lisahaulike deni analodaiwa na muuza jumla ni sawa na aliyetia mkono mfukoni mwa mtu.

Lakini shahidi aliyekwisha kutoa ushahidi wake hana haja ya kusimama njia panda akisimulia mambo ya watu. Deni likisha lipwa, jina lililobaki daftarini ni siri ya mwenyewe. Kakuma pana kambi ya wakimbizi tangu mwaka 1992, na wengi hukopa chakula dukani wakingojea posho. Daftari moja laweza kubeba majina, nambari za simu na za vitambulisho, na habari ya nani alishindwa kulipia unga wa watoto wake. Likitupwa jalalani, au likiuzwa liwe karatasi za kufungia njugu, aibu ya maskini imetangazwa na mlaghai amepewa ufunguo. Tena huenda mwenye duka akafa, warithi wakaliona jina halikufutwa, wakamdai mtu deni alilokwisha kulipa.

Wako wasemao: ziacheni, zitaoza zenyewe. Hapa pwani unyevu na mchwa huenda vikasaidia. Turkana ni nchi kavu, na ukavu huhifadhi. Katika sinagogi la Ben Ezra huko Fustat, Misri, ziliwekwa karatasi chakavu zisioze; miongoni mwake mna barua na hesabu za wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi wa karne ya 11 na ya 12, na hata leo wataalamu wasoma nani alimdai nani. Wala kuchana hakutoshi. Karatasi zilizokatwa kwa mashine katika ubalozi wa Marekani mjini Tehran mwaka 1979 ziliungwa tena ukanda kwa ukanda, kisha zikapigwa chapa.

Ama hofu ya kuchoma jina la Mwenyezi Mungu, tukumbuke kuwa Sayyidna Uthman aliamuru nakala zilizohitilafiana na msahafu wake zichomwe, na makusudio yake yalikuwa kuhifadhi, si kudharau. Kudharau ni kuliacha jina hilo lifungiwe njugu kisha likanyagwe.

Basi kila mtu na agawe karatasi zake mafungu matatu. La kwanza ni hati za ardhi, ndoa, wasia na mirathi, hizi haziangamizwi. La pili ni zile ambazo haki yake bado yaendelea, pamoja na hesabu za kodi, ambazo sheria ya Kenya ya mwaka 2015 yataka zihifadhiwe miaka mitano. La tatu ni zilizokwisha kazi. Hizi za mwisho zichambuliwe ukurasa mmoja mmoja, kwani daftari likitiwa motoni limefungwa huungua pembeni tu, katikati likabaki lasomeka. Zichomwe shimoni pasipo upepo, na jivu lipondwe. Penye nyumba zilizogusana, moshi ni udhia kwa jirani. Zirowekwe siku nzima katika ndoo, kisha zitwangwe hata ziwe kama uji. Stakabadhi zile nyororo za mashine zisitiwe katika jiko la kupikia, maana zina dawa juu yake. Kadi ya benki ikatwe kupitia kile kidude cha chuma na ule ukanda mweusi.

Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo yakataza habari za mtu kuwekwa kupita haja. Lakini serikali haiingii vyumbani kuhesabu madaftari yetu. Jambo hili limeachiwa dhamiri ya kila mmoja.

Limebaki deni la mtu asiyejiweza, lililokaa miaka na halina matumaini. Aya ya 280, mbili tu kabla ya ile ya kuandika, yatufundisha kumpa muhula, na kwamba kusamehe ni bora. Anayeweza, na asamehe. Wala asichome kimya kimya: kwanza amwite mdaiwa amwambie, kwani asiyeambiwa kuwa amesamehewa bado ni mdeni moyoni mwake, na huendelea kupita mbali na mlango wa duka.