Msumeno Unaokata kwa Kuvutwa



Tumezoea kusema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Muhula huu, kwenye karakana ya seminari, nimeshika msumeno unaokata ukivutwa tu. Unaitwa ryoba, ni wa Kijapani. Una meno kwenye kingo zote mbili: ukingo mmoja wa kukata ubao kwa upana, mwingine wa kuupasua kwa urefu kufuata nyuzi zake.

Nilipewa ubao wa msonobari niupasue. Nikauvamia kwa nguvu, nikisukuma kama nilivyozoea na misumeno yetu. Bapa likapinda, mkato ukaacha mstari. Fundi mzee anayetufundisha akacheka: "Frateri, unagombana na nani? Vuta taratibu."

Bapa lenyewe ni jembamba sana. Ukilivuta linanyooka, ukilisukuma kwa nguvu linajikunja. Ndivyo lilivyotengenezwa.

Hapo nikamkumbuka mdogo wangu. Mwaka jana aliacha kwenda Misa. Mimi na shahada yangu ya falsafa nikawa namtumia hoja kila siku kwenye WhatsApp. Hoja zilikuwa sahihi kabisa. Akanibloku.

Sasa swali: ukilijua jema, una haki ya kumsukuma mtu alifuate? Nilidhani ndiyo, maana ukweli ni ukweli. Lakini Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba mwili wa mtu unaweza kulazimishwa, ila tendo lenyewe la utashi haliwezi. Na katika Yohane 6:44, Yesu anasema anayemjia huvutwa na Baba. Huvutwa, jamani, hasukumwi.

Utaniuliza, basi tunyamaze tu? Hapana. Kabla ya kupasua, nachora mstari pande zote mbili za ubao, na kila baada ya mikato michache nageuza kuangalia. Ukweli ndio mstari huo, na haupindishwi ili kumfurahisha mtu. Ila mstari peke yake haukati ubao.

Tena kuna jambo lililonichoma zaidi. Anayesukuma anaweza kubaki nyuma. Anayevuta lazima awe kule anakotaka mwenzake afike. Je, mimi nilikuwa huko? Kwa kweli, siku zile nilizokuwa nikimhubiria mdogo wangu habari za sala, mimi mwenyewe nilikuwa nasali harakaharaka nipate muda wa kumwandikia.

Jumapili iliyopita nilimpigia kwa simu ya mama. "Shikamoo kaka," akasema, kwa sauti ya tahadhari. Nikamwomba radhi. Nikamuuliza habari za kazi yake, nikasikiliza. Misa hakuitaja, wala mimi sikuitaja. Kabla ya kukata simu akasema, "Nitakupigia mwenyewe."

Bado hajapiga. Nasubiri, na ninasali polepole zaidi. Wewe je, kuna mtu uliyemsukuma hadi akakukimbia? Anza kwa kumwomba radhi.

Tuombeane.